Mapigo ya moyo ya wachezaji yanashuka pale nilipotaka waogope, nimekosea wapi?

Karabai_Mwz

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu. Nimekwama sehemu nikasema nilete humu maana najua kuna watu wa kila fani.

Niko Mwanza, Igoma. Natengeneza gemu ya simu, mwenyewe tu na laptopu yangu, huu mwaka wa pili. Gemu ni ya uvuvi wa dagaa, wewe ni kijana mgeni kwenye mtumbwi, mnatoka jioni giza la mwezi likishaingia, mnawasha karabai, mnasubiri dagaa wafuate mwanga alafu mnavuta. (Najua siku hizi wengi wanatumia taa za betri ila karabai inavuma vizuri kwenye spika, ndo maana nimeibakiza.) Sasa kuna sehemu naipenda kuliko zote, upepo unageuka, karabai zinazimika, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unabaki gizani unasikia maji tu yanapiga ubao. Hapo nataka mtu aogope kabisa.

Shida ni kwamba kila ninayempa acheze nikimuuliza ananiambia "iko poa mwanangu, kaza buti". Hata jamaa niliyemuona kwa macho yangu anapiga miayo kasema iko poa. Nikaona nikiendelea kuuliza midomo nitadanganywa mpaka nizeeke, bora niulize mwili. Nikaazima saa ya mkononi ya rafiki yangu, hizi zinazopima mapigo, jumamosi mchana nikaenda kibanda cha gemu cha jirani nikapata vijana 8, kila mmoja anavaa saa anacheza dakika 20, mie nachungulia namba naandika kwenye daftari.

Majibu yenyewe ndo yaliyonivuruga. Karabai zikizimika mapigo YANASHUKA. Mmoja alikuwa 84 akaenda 77. Watano kati ya nane wameshuka. Alafu kuna sehemu imepooza kabisa, asubuhi umefika mwaloni unauza mzigo, unabonyeza bei tu basi, hapo kuna mmoja kapanda mpaka 103. Yaani kuuza dagaa kunatisha kuliko kuzama ziwani?

Kwahiyo naomba kujua, saa ndo mbovu au gemu ndo mbovu? Na nikiwa na kama laki na nusu naweza kununua kifaa gani cha maana, na je kuna namba ambayo mtu akiifikia naweza kusema hapa huyu amefurahia?

DadaVipimo

Saa inaweza kuwa nzima na gemu ikawa nzima pia, ulichokosea ni kudhani moyo una kazi moja. Mambo haya nilihangaika nayo wakati wa shahada ya pili mpaka nikataka kuacha.

Moyo una waendeshaji wawili kwa wakati mmoja, mmoja anakanyaga mafuta mwingine anakanyaga breki. Mtu akikurupushwa, mafuta. Ila mtu akitega sikio, akikazia macho sehemu moja, breki ndo inakanyagwa na mapigo yanashuka. Mwangalie mtu anayevua kwa ndoana pale kwenye mawe, chambo kikiguswa anaganda kama jiwe, hata mate hamezi. Vijana wako watano yawezekana walikuwa hivyo, umewashika haswa. Na ukiongeza kwamba watu gizani wanabana pumzi bila kujijua, hiyo nayo inavuruga mapigo.

Lakini usishangilie bado, kwa sababu mtu aliyechoka gemu yako akalegea kwenye kiti naye mapigo yanashuka. Namba moja, maana mbili. Hili ndo tatizo mama la fani nzima, watafiti Cacioppo na Tassinary waliliandikia vizuri tangu 1990, kwamba badiliko moja la mwili linaweza kuletwa na mambo mengi ya akilini, huwezi kulisoma kinyumenyume ukasema "nimeona hiki basi alikuwa anahisi kile".

Huyo wa 103 niambie kwanza, alikuwa anaongea? Anacheka? Kuongea tu kunapandisha mapigo, sasa kibandani na wenzake wamemzunguka...

Kingine, hiyo saa haikupi pigo mojamoja, inakupa wastani wa sekunde kadhaa zilizopita. Karabai ya pili ikizimika wewe unaandika namba ya kabla ya ile ya kwanza. Na mwanga wake wa kijani unaangalia damu inavyopita chini ya ngozi, mtu akikunja mkono kushika simu au saa ikicheza kwenye kifundo, inaokota takataka. Ukitaka moyo kweli tafuta mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe.

Ila mimi kwa swali lako nisingeanza na moyo kabisa. Ningeanza na jasho.

BabuPedi

Hapo kwenye jasho ngoja nicheke kwanza. Mie nina kibanda Mabatini, televisheni nne, miaka kumi na moja sasa nakodisha pedi. Sijasoma hayo mavitu lakini nikishika pedi baada ya mechi nakwambia mechi ilikuwaje. Mtu akicheza na mashine pedi inarudi kavu, baridi. Akicheza na mshkaji wake, tena wamewekeana soda, pedi inarudi imelowa mpaka zile raba za vidole gumba zinateleza, nina kitambaa maalumu cha kufutia. Na hawa wa soda ndo wanaoua pedi zangu, wanaminya mpaka vitufe vinazama.

Kwahiyo kijana ukitaka kujua kama gemu yako ina moto shika simu yake akimaliza. Bure kabisa.

DadaVipimo

@BabuPedi babu, wewe hapo umepita tu lakini umegusa utafiti wa watu. Regan Mandryk, Canada, yeye na wenzake waliwapa watu NHL 2003, ule mpira wa magongo wa kwenye barafu, wakacheza na kompyuta alafu wakacheza na rafiki aliyekaa pembeni. Ngozi ilipitisha umeme zaidi walipocheza na rafiki, na misuli ya taya nayo ilikaza zaidi. Taya zao, vitufe vyako, ni kitu kilekile.

@Karabai sasa kwa nini jasho. Viganja na nyayo zina tezi za jasho ambazo hazisubiri joto, zinafuata msisimko. Na zenyewe zinaendeshwa na yule wa mafuta peke yake, hakuna breki, kwahiyo hazikuchanganyi kama moyo. Unapitisha umeme kidogo sana kati ya vidole viwili, jasho likipanda umeme unapita kirahisi, unapata mstari kwenye grafu. Kipimo chake ni maikrosimensi. Kitu kikimgusa mtu mstari unaanza kunyanyuka baada ya sekunde 1 mpaka 3 hivi, kisha unashuka taratibu. Kwahiyo ukiona kilima usiangalie gemu ilikuwa wapi sekunde hiyohiyo, rudi nyuma kidogo.

Ila na lenyewe lina kilema chake. Linakwambia KIASI, halikwambii NINI. Kuogopa, kushangilia goli, kukasirika umeibiwa penati, vyote kiganja kinalowa. Ndo maana watu wanaongeza misuli ya uso, elektrodi (kile kipande cha kubandika kwenye ngozi kinachosoma umeme) moja juu ya nyusi inayokunja uso na nyingine shavuni inayovuta tabasamu. Uso unatoa upande, ngozi inatoa ukubwa.

Ngosha_Mbishi

Mie naona mnamjaza kijana upepo. Kama mwili ungekuwa unasema ukweli hivyo, makampuni makubwa yangekuwa yanauza gemu za mapigo ya moyo saa hizi. Nintendo walitangaza 2009 kidude cha kuvaa kidoleni, Wii Vitality Sensor, mbwembwe kibao jukwaani, kiko wapi? Hakijawahi kuuzwa. 2013 bosi wao Iwata kaja kusema kati ya watu 100 kinafanya kazi inavyotakiwa kwa 90, hao kumi wengine je? Nintendo wenye mahela yao wameshindwa, wewe na saa ya kuazima Igoma?

Uliza watu maswali ya maana basi yaishe.

FundiWaya

@Ngosha hapo umechanganya mambo mawili mzee. Kuuza kidude kifanye kazi kwa kila mnunuzi ni kitu kingine, huyu anataka kujua wachezaji wake kumi walihisije, akikuta wawili hawasomeki anawaweka pembeni maisha yanaendelea. Mbona Valve, kampuni ya gemu, walifanya, yule mwanasaikolojia wao Mike Ambinder alieleza 2011, walichukua jasho la ngozi wakaliunganisha na gemu yao ya Left 4 Dead ili ule mtambo unaopanga mazombi ufuate msisimko wa mchezaji. Kwenye gemu yao nyingine, Alien Swarm, wakaweka saa inayohesabu kurudi nyuma, ukipaniki inakimbia haraka, kwahiyo inabidi utulie huku unashambuliwa. Na Nevermind ya 2015 ilitoka kabisa sokoni, gemu ya kutisha, ukiogopa inazidi kuwa ngumu.

Sasa @Karabai vifaa. Laki na nusu yako inatosha ukinunua vipandevipande. Chukua bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kusoma sensa) na sensa ndogo ya GSR, yaani ya hilo jasho la ngozi, zile zinakuja na vitambaa viwili vya kuvaa vidoleni, waya, basi. Usinunue vitu vya maabara, utauza laptopu.

Kitu ambacho hawakwambii, gemu yako ni ya simu na mikono yote miwili imeshika simu. Ukimvalisha vidoleni, kila akibonyeza elektrodi inasogea na grafu inaruka, utadhani kaona jini. Weka MGUUNI. Upande wa ndani wa unyayo, karibu na upinde, pale tezi zipo za kutosha na mguu umetulia chini. Mwanza kila mtu ana kandambili kwahiyo hata kuvua viatu sio kazi. Wafute kwa kitambaa chenye maji, wakauke, sio spiriti maana inakausha ngozi. Alafu waambie wasitikise mguu, wapo wenye hiyo tabia utashangaa.

Na tafadhali sana, laptopu itumie betri, usiwe umeichomeka kwenye chaja wakati mtu ana waya mwilini. Kwanza ni usalama wake, pili umeme wetu wa hezi 50 unaingia kwenye grafu unakuwa na masharubu.

Joto nalo. Kibanda cha bati saa nane mchana mguu unatoa jasho hata bila gemu, mstari unapanda wenyewe dakika zote 20. Fanya asubuhi au jioni upepo wa ziwani ukiwepo, na feni isimpige moja kwa moja. Kaa naye dakika tano hafanyi kitu, anaangalia picha ya ziwa, hiyo ndo sifuri yake. Kila mtu ana sifuri yake, usilinganishe maikrosimensi za Juma na za Asha, mlinganishe Juma wa kwenye karabai na Juma wa kwenye picha ya ziwa. Na uulize amekunywa nini, kahawa, kinywaji cha kuongeza nguvu, sigara.

MamaWawili_Nyegezi

Samahani naingilia, mie sio mtu wa gemu ila nafanya kazi za takwimu za watu. Hao vijana wa kibandani wana umri gani? Maana vibanda tunavijua, nusu wana sare za shule kwenye begi. Mapigo ya moyo na jasho ni taarifa za mwili wa mtu, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo, ilipitishwa 2022 ikaanza kazi Mei 2023. Karatasi moja ya ridhaa, kwa lugha nyepesi, mzazi asaini kama ni mtoto, na kwenye daftari usiandike jina andika M1, M2. Na mwambie mtu kabisa kwamba akichoka avue waya aondoke bila kuulizwa. Ni kitu cha dakika tatu mdogo wangu, usikiruke.

Karabai_Mwz

Dada asante, hilo kweli nilikuwa sijalifikiria hata kidogo. Wote walikuwa wamevuka 18 isipokuwa mmoja, na huyo nimefuta namba zake.

@DadaVipimo kuhusu yule wa 103 nimecheka. Nilikuwa nimerekodi video kwa simu, nimeirudia. Jamaa kafika mwaloni kauza dagaa bei ya hasara, wenzake nyuma wakaanza "ng'wanawane umepigwa!", akawa anabishana nao kasimama kabisa kwenye kiti. Yaani gemu haikuhusika. Na mwingine aliyekuwa juu muda wote nimemuuliza, alikunywa kopo mbili za kinywaji cha nguvu kabla.

DadaVipimo

Umeona umuhimu wa video. Bila hiyo ungeenda kuongeza masoko matatu zaidi kwenye gemu, haha.

@Ngosha_Mbishi kuhusu kuuliza watu, wala sikatai, anatakiwa aulize pia, ila sio "umeionaje". Amrudishie video yake amsimamishie pale kwenye kilima amuulize "hapa ulikuwa unafikiria nini". Utasikia mengine kabisa. Watu wa Finland, Ravaja na wenzake, 2006, waliwapima watu wakicheza Super Monkey Ball 2, ule wa nyani ndani ya mpira. Nyani akidondoka nje ya ukingo, yaani mchezaji kashindwa, misuli ya tabasamu ikawaka. Kushindwa kukaleta raha. 2008 wakaja na gemu ya James Bond, mchezaji akimpiga risasi adui akamuua, yaani kafanikiwa, ngozi ikapanda lakini misuli ya tabasamu ikashuka. Sasa hapo ungewauliza tu "umefurahi ulipomuua?" wangapi wangekwambia hapana?

Ngosha_Mbishi

Hiyo ya nyani naielewa, hata kuangalia mtu anateleza na ndoo ya maji watu wanacheka kwanza ndo wanamsaidia. Haya, nimepunguza ubishi asilimia 40.

Karabai_Mwz

Wakuu narudi baada ya wiki mbili, nimefanya kama mlivyosema. Sensa ya mguuni, laptopu kwenye betri, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, karatasi za ridhaa zote ninazo. Watu 10. Mmoja umeme ulikatika taa ikazimika chumbani palepale karabai ya kwanza inazimika kwenye gemu, huyo mstari ulienda juu ya paa, nimemtoa kwenye hesabu ila natamani ningeweza kuweka hiyo kwenye gemu.

Mwingine mstari wake umelala kama maji ya ziwa alfajiri, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nimebadilisha mguu, nimekaza vitambaa, wapi. Huyu kafa au?

Nane waliobaki sasa. Karabai ya kwanza, kilima kidogo kwa karibu wote, kama sekunde mbili baadae. Ya pili, kilima kikubwa. Ya tatu ambayo ndo niliipigia hesabu miezi, nimeweka mpaka sauti ya kioo kinapasuka kwa baridi, ya tatu HAKUNA. Watu sita kati ya nane hakuna kitu kabisa. Nikawarudishia video kama dada alivyosema. Mmoja kaniambia "mbili zimezimika, si nilijua ya tatu nayo inakuja". Mwingine kasema alikuwa anasubiri imalizike atafute kiberiti.

Alafu kuna kilima kimoja sikukitarajia. Baada ya giza, kuna sekunde kama sita hamna kitu kwenye skrini, nilikuwa nimeacha tu kwa sababu simu yangu inachelewa kupakia hatua inayofuata. Saba kati ya nane wamepanda hapo. Nimewauliza, mmoja anasema "nilidhani nimezama". Mwingine anasema nilikuwa nawasikiliza wenzangu kwenye mtumbwi kama bado wapo.

DadaVipimo

Huyo wa mstari uliolala hajafa, wapo watu ngozi yao haionyeshi kitu hata umpigie baruti, ndo wale kumi wa Nintendo. Mwandike, usimfiche kwenye ripoti yako.

Karabai ya tatu mwili umeshazoea, ni kawaida kabisa, kitu kikijirudia mwitikio unapungua kila mara. Na hizo sekunde sita ni dhahabu, ila sina uhakika kwa watu nane. Badilisha mpangilio, nusu wacheze yenye karabai tatu, nusu yenye mbili na kimya kirefu, kisha wabadilishane, uone kama kilima kinamfuata kimya au kinamfuata giza.

FundiWaya

Na usije ukairekebisha hiyo kuchelewa kupakia kabla hujapima mzee!!

Karabai_Mwz

Hahaha nilikuwa nimeshairekebisha jana usiku, najisifu kabisa. Narudisha toleo la zamani leo. Karabai ya tatu naiacha inawaka, kimya naweka sekunde sita kwa makusudi alafu sauti ya mtu mmoja anakohoa kwa mbali. Wabeja sana wote.

@BabuPedi naomba jumapili asubuhi nije kibandani kwako, nahitaji watu wengine kumi na sita.

BabuPedi

Njoo saa moja kabla sijafungua mechi. Wateja nitakupatia. Ila waambie miguu waoshe kwao, mie nina feni moja tu.